Kariakoo ikifungwa, nani ana funguo?

JUMATATU ya Mei 15, 2023 maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam hayakufunguliwa. Mitaa ya Congo, Msimbazi, Aggrey na Narung'ombe, ambayo siku za kawaida mtu huipita kwa kupigana vikumbo, ilikuwa na milango ya chuma iliyoteremshwa na watu wamesimama vikundi vikundi. Wafanyabiashara walikuwa wanalalamikia kamatakamata ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), kikosi kazi cha mamlaka hiyo na agizo la kusajili stoo za bidhaa. Mei 17, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikutana nao katika viwanja vya Mnazi Mmoja, akawasikiliza hadharani, akasimamisha kikosi kazi na usajili wa stoo, na ikaundwa kamati ya kushughulikia kero zao. Maduka yakafunguliwa.

Jumatatu ya Juni 24, 2024, yaani miezi 13 baadaye, milango ile ile ilifungwa tena. Safari hii mgomo haukuishia Kariakoo. Ulisambaa hadi Mwanza, Arusha, Mbeya na miji mingine mikubwa. Wito wake ulipita kwenye simu za mkononi, kwa vipeperushi ambavyo aliyeviandika hakujitokeza kusema ni vyake.

Mengi yameandikwa kuhusu kodi katika migomo hii miwili, na si nia ya makala haya kuyarudia. Kuna swali jingine ambalo lilipita bila kuulizwa sana, nalo linamhusu mkulima wa nyanya wa Ilula na mwenye duka la rejareja wa Ifakara kama linavyomhusu mwenye kontena la vitenge Mtaa wa Congo. Kariakoo inaongozwa na nani? Ukitaka kufikia makubaliano na soko lile, unakaa mezani na nani, ambaye akisema tufungue watu watafungua, na akisema tumekubaliana watu watatii?

Ukihesabu wenye mamlaka, hutakosa watu. Lipo Shirika la Masoko ya Kariakoo, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1974 kusimamia soko lenyewe. Ipo Halmashauri ya Jiji. Yupo Mkuu wa Mkoa, Mkuu wa Wilaya, serikali za mitaa, TRA, Shirika la Viwango, Tume ya Ushindani. Kwa upande wa wafanyabiashara ipo Jumuiya ya Wafanyabiashara Tanzania (JWT), yapo na makundi ya wamachinga, wapagazi, madalali na mawakala wa mizigo. Pamoja na wote hao, mwaka 2023 ilibidi Waziri Mkuu wa nchi aje mwenyewe kusimama juani Mnazi Mmoja ili watu wauze mashati.

Wanaosoma uongozi vyuoni, iwe Mzumbe, Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) au Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, hukutana mapema na jaribio lililofanywa Marekani na Kurt Lewin na wenzake na kuchapishwa mwaka 1939. Walichukua watoto wa kiume wa miaka kumi hivi, wakawapa kazi za mikono katika vikundi vidogo, kila kikundi kikiwa na mtu mzima wa kukiongoza. Kikundi kimoja kiliongozwa kwa amri, kingine kwa kushirikishwa, na kingine kiliachwa kijifanyie kinavyotaka. Waliongozwa kwa amri walifanya kazi nyingi sana kiongozi alipokuwapo. Alipotoka chumbani, kazi ililala. Walioshirikishwa waliendelea hata alipotoka.

Watoto wachache si soko la maelfu ya watu, na mtu ana haki ya kushuku mifano ya namna hiyo. Lakini tazama kilichotokea hapa. Kero zilizokuwa zikilalamikiwa kwa miaka zilisimamishwa kwa neno la mtu mmoja siku moja, na neno hilo lilikuwa na nguvu kwa sababu yeye alikuwapo. Aliporudi Dodoma, zilibaki taasisi zile zile, na kanuni za kodi zile zile. Mwaka mmoja na ushei baadaye watu wakarudi kule kule. Serikali yenyewe ilionekana kulielewa hilo, kwani baada ya mgomo wa 2024 haikuishia kwenye mkutano wa hadhara. Julai 2, 2024 TRA ilipata Kamishna Mkuu mpya, Yusuph Mwenda, na mwisho wa mwezi huo Rais Samia Suluhu Hassan aliteua tume ya kuangalia mfumo mzima wa kodi, chini ya Balozi Ombeni Sefue.

Hapa niseme jambo moja kuhusu kamati. Soko lilipoungua usiku wa Julai 10, 2021 iliundwa kamati. Baada ya mgomo wa 2023, kamati. Ghorofa lilipoporomoka Kariakoo Novemba 16, 2024 na kuua watu wasiopungua 29, kamati ya kukagua majengo. Malalamiko kuhusu wageni wanaofanya biashara ndogo ndogo yalipozidi mwanzoni mwa 2025, kamati nyingine, iliyoongozwa na Profesa Edda Lwoga wa CBE, na Julai mwaka huo ikatoka amri ya kuzuia wageni kufanya aina 15 za biashara. Kamati si kitu kibaya, na hii ya mwisho ilizaa matunda ambayo wengi waliyapokea kwa furaha. Ila eneo ambalo kila jambo zito linahitaji kamati kutoka nje ni eneo ambalo vyombo vyake vya ndani havifanyi kazi, au havisikilizwi.

Turudi nyuma kidogo. Jina Kariakoo lilitokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita ya Kwanza ya Dunia, Carrier Corps, waliopiga kambi pale. Jengo la soko tunalolijua, lile lenye paa la miavuli ya zege, lilibuniwa na msanifu Mtanzania Beda Amuli na kufunguliwa na Mwalimu Julius Nyerere Desemba 1975. Kule shimoni wakulima walishusha mazao ya jumla. Juu wakanunua mbegu, dawa na mabomba ya kupulizia. Kwa wakulima wengi wa mikoani lile lilikuwa duka la pembejeo la taifa.

Ndani ya jengo lile kulikuwa na aina mbili za uongozi zilizoishi pamoja bila kuzungumza sana. Wa kwanza ni wa makaratasi: bodi iliyoteuliwa, meneja, mikataba ya pango, risiti za ushuru. Wa pili ni wa desturi: dalali anayejulikana na wakulima wa wilaya fulani, mzee wa kizimba ambaye ugomvi wa mizani unaishia kwake, kiongozi wa wapagazi anayepanga zamu za kushusha gari. Mkulima anayeleta hoho kutoka Lushoto saa tisa usiku hamjui mjumbe yeyote wa bodi. Anamjua dalali wake, ana namba yake ya simu, na bei anaambiwa na yeye. Max Weber, msomi wa Kijerumani wa mwanzoni mwa karne iliyopita, aliitofautisha mamlaka ya sheria na mamlaka ya mila. Kariakoo zote mbili zilikuwa zinapanga vizimba katika sakafu moja.

Kasoro ya mpango huo ilionekana baada ya moto. Ujenzi mpya na ukarabati, kazi ya zaidi ya Sh 28 bilioni, ulianza Januari 2022 na kupangwa uchukue mwaka mmoja na nusu. Mwaka 2024 wafanyabiashara walikuwa bado wanasubiri. Na majina ya wanaostahili kurejea yalipotangazwa mwaka huo, yaliibuka malalamiko makubwa ya watu waliosema wamefanya kazi pale miaka mingi na majina yao hayamo. Kila mtu anayelijua soko alielewa chanzo. Mwenye kizimba kwenye karatasi mara nyingi si yule aliyekuwa akiuza. Kizimba kilikodishwa, aliyekodishwa akakikodisha kwa mwingine, na kila mmoja akapandisha kodi kidogo. Shirika lilikuwa linaongoza orodha, wakati soko lilikuwa na watu wengine. Mambo yakiwa shwari hakuna anayegundua, kwa kuwa ushuru unalipwa na nyanya zinauzwa. Moto ndio uliolazimisha orodha na watu vikutanishwe.

Sasa tuje kwa wafanyabiashara wenyewe, maana ni rahisi kuilaumu serikali na kuacha nyumba yetu bila kufagiwa.

Mashine za kielektroniki za risiti, EFD, zilianza mwaka 2010 kwa wafanyabiashara waliosajiliwa kwenye Kodi ya Ongezeko la Thamani, na mwaka 2013 awamu ya pili ikawafikia wengine wengi. Ndipo migomo ikaanza. Mwaka 2014 Kariakoo ilifunga. Mwaka 2015 mwenyekiti wa JWT wa wakati huo alikamatwa na kufikishwa mahakamani Dodoma kwa tuhuma za uchochezi, na maduka yakafungwa katika miji kadhaa kwa ajili yake. Wakati ule mgomo ulikuwa na sura na jina. Serikali ilijua aliko kiongozi, hata kama haikumpenda, na angeweza kuitwa mezani.

Linganisha na vipeperushi vya Juni 2024. Wafanyabiashara walijifunza jambo 2015: anayesimama mbele ndiye anayekwenda mahabusu. Wakaamua pasiwe na anayesimama mbele. Ni ujanja unaoeleweka, na kwa siku ya kwanza unafanya kazi vizuri sana, kwani simu haina ofisi ya kuvamiwa. Tatizo linakuja siku ya pili. Mgomo usio na kiongozi hauna wa kuupatanisha. Viongozi wa JWT walikwenda kwenye meza ya mazungumzo na mawaziri wakiwa hawana hakika kama waliofunga maduka watafungua wakiambiwa, na serikali nayo ilikuwa inajiuliza kama inazungumza na wenyewe au na watazamaji. Katika mazingira hayo kila upande huomba kidogo kuliko ungeweza kupata.

Wanaolipa gharama ya kutafutana huko ni wa mbali. Mwenye duka wa Tunduma au Kigoma aliyefika Dar es Salaam Jumapili usiku na fedha za kununua mzigo alilala gesti siku ambazo hakuzipangia. Wateja wa Zambia, Malawi na Kongo walifika na kukuta kufuli. Mkulima anayesubiri dawa ya ukungu hawezi kuliambia shamba lisubiri mazungumzo yaishe. Hakuna kati ya hawa aliyeulizwa kama tugome au tusigome, kama ambavyo hakuna aliyeulizwa na TRA.

Mchumi Albert Hirschman aliandika kitabu mwaka 1970 ambacho kingefaa kusomwa na kila mjumbe wa bodi ya chama cha ushirika. Alianza na reli ya Nigeria. Reli ile ilikuwa mbovu, na malori yalipoingia kushindana nayo wengi walidhani itajirekebisha. Haikujirekebisha. Kwa nini? Kwa sababu wateja waliokuwa na uwezo wa kupiga kelele ndio waliokuwa wa kwanza kuhamia kwenye malori. Waliobaki walikuwa wanyonge, wasio na sauti, na reli ikaendelea kudorora kwa amani. Hirschman alisema mwanachama asiyeridhika ana njia mbili, kuondoka au kusema, na taasisi ambayo watu wake huondoka kimya kimya hukosa taarifa ya ugonjwa wake.

Ndugu msomaji mkulima, huu si mfano wa kigeni. Katika vyama vyetu vya msingi, AMCOS, kuondoka kimya kimya kuna majina kabisa. Kwenye korosho ni kangomba, kwenye kahawa ya Kagera ni butura. Mwanachama haendi kwenye mkutano mkuu kumhoji katibu kwa nini malipo yamechelewa au makato yameongezeka. Anauza kilo zake kwa mlanguzi usiku, kwa bei ya chini, na kesho anaitwa mwanachama kama jana. Mara nyingi anayefanya hivyo si mvivu wala si mhalifu, ni mtu mwenye ada ya shule ya mtoto ambaye hasubiriwi na mwalimu. Serikali imejibu zaidi kwa kukamata wanunuzi. Mwaka 2018 ilikwenda mbali zaidi, jeshi likapelekwa kukusanya korosho kwa bei ya Sh 3,300 kwa kilo. Lakini chama ambacho mwanachama anaona afadhali kangomba kuliko mkutano mkuu kina ugonjwa ambao askari hawezi kuutibu.

Ushirika wetu una historia ya kutosha ya kujifunzia. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU. Vyama hivyo vilijengwa kutoka chini, vikasomesha watoto, vikajenga shule. Mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu na kazi zake zikachukuliwa na mamlaka za mazao, kisha sheria ya 1982 ikavirudisha. Mwalimu Nyerere alikuja kukiri baadaye kuwa kuvifuta lilikuwa kosa. Vilivyorudi, hata hivyo, vilirudi kwa amri ya juu, na kwa miaka mingi mwanachama aliviona kama ofisi ya serikali yenye jina jingine. Kitu kilichoanzishwa na wenyewe kina watu wa kukipigania. Kilicholetwa kwa barua hungoja barua nyingine.

Na pale vyama vinapokuwa na viongozi imara, huja hatari ya upande wa pili. Robert Michels aliandika mwaka 1911, baada ya kuchunguza chama cha kisoshalisti cha Ujerumani ambacho kilijisifu kwa demokrasia, kwamba kila taasisi kubwa huishia mikononi mwa wachache. Si lazima wawe wabaya. Wao ndio wanaojua mafaili yako wapi, wana muda, wanajua kuongea na benki na wizara. Wanachama hushukuru, halafu huzoea, halafu husahau kuuliza. Baada ya miaka kumi mwenyekiti haoni tena tofauti kati ya chama na yeye. Nani asiyemjua mwenyekiti wa namna hii? Michels aliiona hali hiyo kama sheria isiyoepukika. Mimi sikubaliani naye moja kwa moja, kwa sababu kuna mambo madogo ya kawaida yanayoichelewesha, ukomo wa vipindi, vitabu vya hesabu kusomwa kwa sauti, katibu na mweka hazina wasiwe wa ukoo mmoja.

Hata nchini kwetu nadharia hazikuanza na wazungu tu. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikataza kiongozi kuwa na majivuno na dharau kwa anaowaongoza, na wafanyakazi waliuchukulia kwa uzito kuliko walivyotarajia walioandika. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, hapa hapa Dar es Salaam, walikikalia kiwanda na kukiendesha. Baada ya muda vuguvugu hilo la viwandani lilizimwa, na maneno yakabaki kwenye kijitabu.

Ni nini basi kingepaswa kufanyika Kariakoo? Jumuiya ya wafanyabiashara inayodai kusema kwa niaba ya maelfu inahitaji daftari la wanachama wanaolipa ada, hata kama ada ni ndogo. Mtu anayelipa Sh 2,000 kwa mwezi huuliza zimekwenda wapi, na kwa kuuliza huko ndipo anapoanza kujiona wa ndani. Uchaguzi ufanyike mtaa kwa mtaa, Congo na wao, Aggrey na wao, ili aliyepeleka neno mezani arudi kulijibia kwa majirani zake wa duka. Ajenda na muafaka vibandikwe ukutani vikiwa na saini. Serikali kwa upande wake iache kumtafuta mchochezi kila maduka yanapofungwa, maana kila mwenyekiti anayewekwa ndani leo anaandaa vipeperushi visivyo na jina vya kesho.

Kwa Shirika la Masoko, kipimo ni chepesi zaidi na kinaweza kufanywa bila kamati. Wapangaji wa vizimba, wakiwemo wale wanaouza na si wenye majina tu, wana viti vingapi kwenye bodi, na nani aliwachagua? Madalali na wakulima wanaoleta mzigo usiku wanawakilishwa na nani pale ushuru unapopangwa? Soko linaweza kujengwa upya kwa mabilioni, likapata lifti na kamera, na bado orodha na watu vikaendelea kuishi mbali mbali hadi siku ya tatizo jingine.

Na kwa mkulima ambaye mkutano mkuu wa AMCOS yake unakaribia, aulize kabla ya kujadiliwa bei ni lini taarifa ya mkaguzi ilisomwa mara ya mwisho, na aombe isomwe pale pale.